Fundi Aliyetoa Karatasi

Fundi alikuwa na kazi moja ambayo hakuifanya mbele ya mtu. Waya aliukata mbele yetu. Koili aliizungusha mbele yetu, akihesabu kwa sauti hadi mizunguko elfu mbili bila kukosea, huku akijibu salamu za wapita njia kwa kichwa tu. Lakini ilipofika saa ya kupanga chuma ndani ya koili na kukaza skurubu, alichukua stuli yake akageukia ukuta. Sisi tuliobaki mezani tuliona shati, ukanda, na viwiko vikitembea. Tuliiita saa ya mgongo. Mteja akija kuuliza Fundi yuko wapi, tulimjibu, "Iko mu mugongo, ngojea kidogo."

Niliuangalia mgongo ule kwa miaka minne. Naujua kuliko ninavyoujua uso wake.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya familia, Kalundu, mjini Uvira, karibu na bandari, mahali ambapo magunia ya unga na mafuta ya mawese yalipita mlangoni kutwa nzima. Ukoo wake sitauandika. Wenyewe wanaujua, na yeye mwenyewe aliutaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu wa msikiti. Kabla ya kuwasha chombo chochote alisema bismillahi, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja, la kulia, kwa sababu kondensa iliwahi kumpasukia usoni na jicho lile alilithamini zaidi.

Kazi yake ilikuwa ampli za lampe, mashine za kukuza sauti zenye taa za kioo ndani. Wasomaji wa mjini watadhani vyombo hivyo viliisha zamani. Kwetu havikuisha. Mapadri wa kale waliziacha parokiani, orkestra ziliuziana, misikiti miwili mitatu ilikuwa nazo. Wenye kwaya husema sauti ya lampe ni laini kuliko ya vyombo vipya. Mimi nasema sababu kubwa ni nyingine: umeme wetu hupanda na kushuka bila hodi, na chombo kipya hufa siku ya kwanza, lakini lampe huvumilia. Kinachoungua ni transfo, na transfo mtu anayejua anaweza kuizungusha upya.

Nieleze kidogo jinsi chombo hicho kinavyolishwa, maana bila hilo kosa lake halitaonekana. Umeme wa ukutani haufai kuingia moja kwa moja ndani ya lampe. Kwanza transfo huupandisha hadi volti mia tatu na zaidi. Kisha lampe moja, ya kunyoosha, huulazimisha utembee upande mmoja tu. Lakini umeme ulionyooshwa bado unadunda, mara mia kwa sekunde, na kudunda huko hutoka kwenye bafle, ile spika, kama ng'ombe aliyefungiwa chumbani: nguuu. Dawa yake ni kondensa, pamoja na kitu ambacho mafundi wa Uvira hukiita selfu. Selfu ni koili ya waya mmoja iliyozunguka vibati vya chuma. Haipandishi umeme, haiushushi. Kazi yake ni ukaidi. Inakataa umeme ubadilike ghafla, na kwa kukataa huko mvumo unakufa.

Fundi mwenyewe alikuwa selfu. Ungeweza kumwambia neno leo, akalijibu baada ya mwezi.

Alikuwa na misemo. "Courant haina ndugu," alimwambia shemeji yake aliyepigwa na umeme akakasirika. "Transfo inanuka mbele ya kufa," alisema, na kweli alizinusa. Alishusha pua hadi kwenye waya kama mtu anayenunua samaki, akaamua. Sikumwona akikosea. Na kwa kila swali tulilomwuliza juu ya kazi alikuwa na jibu moja: "Usiulize. Angalia." Tuliangalia. Kilichokuwepo cha kuangalia kilikuwa shati.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kulikuwa na mama mjane kutoka Kavimvira aliyeleta redio ya lampe ya marehemu mumewe. Fundi aliifanyia kazi siku tatu, na hakutaka malipo. Mama alipokuja kuichukua akaisikiliza, machozi yakamlengalenga, akaanza kushukuru. Fundi akainyoosha mikono, akamnyang'anya.

"Mama, ile nitakurudishia kesho."

"Lakini iko nasema vizuri, Papa!"

"Iko nasema vizuri kwa weye. Kwa minye iko bado nadanganya."

Mama alirudi kesho yake. Sisi wote mezani hatukusikia tofauti. Yeye alisikia. Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi, na hukumu yangu ni hii: Fundi hakuwahi kudanganya mashine hata siku moja. Watu aliwadanganya kwa raha zake.

Ijumaa, akitoka kuswali, alikula nasi sahani moja, bugali na mukeke wa kuchoma. Yeye ndiye aliyechambua samaki. Alitoa miiba kwa vidole vilevile vya kupangia chuma, akasukuma minofu upande wako mpaka ukashiba bila kujua. Mimi niliyetoka Kiringye, mtoto wa wakulima wa mpunga, nilikuja kwake nikiwa na miaka thelathini na minne, na mke na watoto wawili, na nilishukuru kula hivyo. Leo nikikumbuka minofu ile, naikumbuka kwa hasira.

Nilikuwa na kitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, bila jalada, juu ya lampe na transfo; nilikinunua kwa masista walipokuwa wakipunguza vitu vya zamani. Shule yangu iliishia mapema, kwa hiyo nilikisoma na kamusi, ukurasa mmoja kwa juma, na nilijiwekea sheria ya kutoruka ukurasa. Fundi aliniona nacho saa ya chai.

"Weye mwana wa Kiringye, uko nasoma nini?"

"Mambo ya umeme, Muzee."

"Umefika wapi?"

"Mu transfo. Selfu iko mbele, bado sijafika."

"Ukifika mwisho uniambie kama bibi-harusi aliolewa."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa ameuliza nilipofika kwa sababu alitaka kujua.

Sasa nafika kwenye kosa lenyewe.

Parokia yetu ilikuwa na ampli kubwa ya lampe nne. Transfo na selfu viliungua siku moja. Fundi aliwahi kukaa na chombo kile miezi saba kwa tatizo dogo, na padri alikuwa amechoka. Akanipa mimi, kwa sababu niliimba katika kwaya na alinijua. Nilimwambia Fundi siku ileile, nikiwa nimesimama, maana sikutaka aambiwe na mwingine. Alikuwa akifuta miwani. Aliendelea kuifuta.

"Ni vizuri," akasema. "Transfo utaizungusha weye mwenyewe?"

"Nitajaribu, Muzee."

"Na selfu?"

"Sina chuma chake."

"Basi ile nitakutengenezea minye. Ni nyumba ya Mungu."

Aliitengeneza Alhamisi. Aligeukia ukuta kama kawaida, na alipogeuka tena aliniwekea mikononi selfu nzuri sana, ya kung'aa kwa vernis, ile vanishi ya kupaka koili, waya umelala kama nywele zilizochanwa. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nikaipima. Waya ulikuwa mzima, upinzani wake sawa. Nikaifunga ndani ya ampli, nikaiwasha kwangu. Lampe kubwa zilikuwa zinangojwa kutoka Bujumbura, nilikuwa na moja tu, na kwa moja ampli ilikaa kimya kama kaburi. Nilimwita mke wangu asikilize. Alisema, "Ile kintu imezimika?" Nikamwonyesha lampe inawaka. Tulifurahi wote wawili. Lampe nyingine tatu zilifika Jumamosi jioni, nikazichomeka Jumapili palepale kanisani.

Ilikuwa siku ya kipaimara. Watoto walikuja kutoka hata Katogota, wamevaa nyeupe, na wageni walitoka jimboni. Nikawasha. Lampe zote nne zikapata moto, na mvumo ukaanza. Mwanzoni ulikuwa chini, nikadhani ni pikipiki barabarani. Kisha ukajaza nyumba. Nguuu. Padri alisema neno katika mikro, neno likamezwa. Mtoto mmoja wa kipaimara akaitikia kwa sauti ya ndama, na mstari mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja wa kwaya akasema, si kwa siri, "Jamani, ng'ombe iko ndani ya bafle!"

Nilipoinua kichwa nilimwona Fundi mlangoni. Nataka msomaji aipime picha hiyo polepole, kama nilivyoipima mimi kwa miaka. Mtu wa msikiti, Jumapili asubuhi, mlangoni pa kanisa, na mfuko wa vifaa begani.

Alivua viatu kwa mazoea. Akapita katikati ya watu kwa soksi, akafika kwangu, akasema kwa upole, "Pisha kidogo." Akazima. Akainama juu ya ampli, akaupa umati mgongo. Hakuchukua robo saa. Alipowasha tena, kulikuwa na ukimya ambao sijausikia tangu siku hiyo. Ungeweza kusikia watoto wakipumua. Watu walipiga makofi kanisani. Fundi akashika mikro.

"Un, deux. Un, deux. Ampli ni kintu ya fundi. Muntu wa mupunga abakie mu mupunga."

Hata mgeni wa jimboni alicheka.

Tangu siku hiyo jina langu lilikuwa Papa Nguu. Sizidishi. Mke wangu alipopita soko la Mulongwe, wauza ndagala walivuma bila kufungua midomo, wakiangalia pembeni. Binti yangu aliulizwa shuleni kama baba yake hulala zizini. Wateja walinipita. Kwa mtu asiye na diploma, jina ndilo karatasi pekee aliyonayo ya kuonyesha, na langu liliandikwa upya mbele ya watu mia nne. Niliondoka kwa Fundi bila kuaga, nikarudi kuuza mpunga wa ndugu zangu, mchana. Jioni nilisoma.

Miezi mitano baadaye nikafika ukurasa wa selfu. Niliusoma mara moja, nikafunga kitabu, nikatoka nje nikatembea hadi ziwani na kurudi. Umeme unaopita ndani ya selfu, kitabu kilisema, hutembea upande mmoja tu, na kwa hiyo unakishibisha chuma. Chuma kilichoshiba hakikatai tena kitu. Selfu inakuwa waya mtupu. Ili chuma kisishibe, vibati havifungwi vikagusana. Vibati vyenye umbo la E hupangwa upande mmoja, vya umbo la I upande wa pili, na katikati yao huachwa nafasi ndogo, ambayo hujazwa kwa karatasi. Umeme ukiwa kidogo, kama wa lampe moja, selfu isiyo na karatasi hunyamaza. Ukiwa mwingi, inaunguruma.

Bado sikutaka kumhukumu kwa kitabu. Nilingoja ushahidi. Orkestra moja ya Kamanyola, ambako jina la Papa Nguu lilikuwa halijafika, iliniletea ampli ambayo selfu yake Fundi aliizungusha zamani. Nililegeza skurubu nne, nikavuta vibati, na kipande cha jalada la daftari la shule kikaanguka mezani, cha kijivu, kimekatwa kwa wembe, pembe zake sawasawa. Nilikipima: robo ya milimita.

Kwa hiyo kwa wengine aliweka. Kwangu alitoa. Alhamisi alifunga bila karatasi, na Jumapili alikuja nayo mfukoni.

Sikumwendea. Mtu mwenye hasira akipiga kelele, watu huangalia kelele. Nilinunua chaki, nikapaka mlango wa nyumba yangu rangi nyeusi, na kila Jumamosi asubuhi nikaanza kufundisha barazani kwangu bila malipo. Yeyote aliyetaka alikaa. Nilichora transfo, nilichora lampe ya kunyoosha, na siku ya selfu nilichora karatasi kubwa kuliko vitu vingine vyote. Niliwapa majalada wakate wenyewe. Nilisema: kwa ampli ndogo jalada moja; lampe nne, majalada mawili, kisha sikiliza, ongeza, punguza. Walikuja watu wazima kutoka Kiringye na Katogota, mmoja alikuwa katekista, wawili walikuwa wameketi nyuma ya mgongo wa Fundi miaka sita. Hao wawili walipoiona karatasi ubaoni walitazamana. Mmoja akasema, "Ni ile tu?"

"Ni ile tu," nikasema.

"Miaka sita, ndugu yangu. Miaka sita niko naangalia shati!"

Kufika mwaka wa pili, selfu zilizungushwa tambarare nzima ya Ruzizi, na Fundi alianza kukaa mlangoni mchana akiwa hana kitu mkononi. Alinitumia ujumbe kupitia katekista wa Katogota. Katekista aliniletea kama alivyopewa: "Muzee anasema uko nauza siri ya baba zake."

"Mwambie siuzi. Natoa bure."

Nilikula vizuri siku hiyo.

Lakini kuna jambo linalonisumbua katika hesabu yake, na siwezi kuliacha nje. Baba yangu alipokufa, Fundi alikuja Kiringye. Hakuna aliyemwita. Alipanda pikipiki kutoka Uvira, katika vumbi, na mfuko wa sukari mapajani, akakaa matangani siku mbili. Alilia kuliko wajomba zangu. Usiku alilala mkekani na wengine, asubuhi aliniletea maji ya kunawa, mimi niliyekuwa nikimfungia biashara. Nilingoja aseme neno moja juu ya kanisa. Neno moja, hata pembeni, hata kwa fumbo. Alizungumzia bei ya mpunga. Alipopanda pikipiki kurudi alinishika bega, akasema, "Jikaze, mwana." Nilibaki njiani nikiwa namchukia zaidi ya kabla hajaja, maana sasa nilijua kwamba moyo anao.

Kumfungia karakana hakukunitosha. Njaa yake hakuna aliyeiona. Nilitaka mvumo. Nilitaka usikike kanisani, mbele ya watu walewale, na jina lake likiwa juu yake. Niliomba hivyo, na sioni haya kuandika kwamba niliomba nikiwa nimepiga magoti.

Ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumba za chini za Kalundu, ya kwake ikiwamo, na yaliingia pia stoo ya parokia. Ampli kubwa ikalala majini majuma mawili. Fundi alihamia kwa dada yake, juu kidogo mlimani. Masikio yalianza kumwacha miaka hiyo, kwanza la kushoto, kisha la kulia. Nilisikia kwamba padri mpya, ambaye hakujua historia, amemwomba atengeneze ampli nyingine, na kwamba mzee amekubali, amekata sanduku lake katika mlango wa gari, anazungusha waya peke yake.

Akaja kwangu Jumamosi moja ya kiangazi kilichopita, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Pikipiki ilimshusha na ampli imefungwa kwa mipira. Alikuwa amekonda. Mke wangu alimtolea kiti na chai, akaingia ndani asitoke tena.

"Karibu, Muzee."

"Sema kwa nguvu. Masikio ilinitangulia."

Nikasema kwa nguvu. Akatazama mlango mweusi, michoro yangu ya chaki, akaisoma yote, taratibu, kutoka kushoto. Kisha akaonyesha ampli kwa kidole.

"Ya parokia. Kesho wataiwasha. Minye siwezi kuisikia tena. Uisikilize, uniambie tu: iko nalia, ao haiko nalia?"

"Na batoto bako, hawawezi kukusikilizia?"

"Watasema haiko nalia. Wananihurumia." Akanywa chai. "Weye haunihurumii."

Nikaunganisha bafle yangu, nikachomeka. Akasema bismillahi, akarudi nyuma hatua mbili. Lampe zilipata moto. Kwa muda ilikuwa kimya, nikahisi uchungu kama wa mtu aliyenyimwa. Kisha nikafungua kitufe cha sauti ya mikro, na mvumo ukaja. Mnene, wa chini, imara. Nguuu.

Niliangalia sababu yake, na niliiona kabla ya kikombe cha chai kupoa. Selfu ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa ameifunga karibu na transfo ndogo ya mikro, ile inayopokea sauti, zikiwa zimelala upande mmoja. Selfu inarusha mvumo wake hewani kama jiko linavyorusha joto, na transfo ya mikro iliyolala sambamba nayo inaupokea wote. Inatakiwa igeuzwe robo mzunguko, zikae msalaba. Zamani Fundi hakuhitaji sheria hiyo: aliigeuza selfu kwa mkono huku akisikiliza, mpaka mvumo ukafa, ndipo akatoboa matundu ya skurubu. Safari hii alitoboa bila kusikia. Dawa ilikuwa kazi ya dakika kumi na bisibisi moja.

Yeye alikuwa amesogea. Aliweka ncha za vidole vitatu juu ya ngozi ya bafle, taratibu, kama anavyofanya mtu anayepima homa ya mtoto. Akaviacha pale. Akaniangalia mdomo.

Nikainama kwenye sikio lake la kulia.

"Iko kimya, Muzee."

Vidole havikuondoka mara moja. Aliniangalia, akaviangalia, akaniangalia tena. Kisha akavitoa, akavifuta kwenye suruali.

"Aksanti," akasema.

Nilimsaidia kufunga mipira ya pikipiki.

Jumapili nilikaa mstari wa nne. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Ampli iliwashwa wakati wa wimbo wa mwanzo, mvumo ukajaza kanisa, na sikuhitaji kufanya chochote ila kusikiliza. Padri mpya akapiga mikro kwa ukucha. Vijana walicheka. "Muzee amechoka," mtu akasema nyuma yangu, na mwingine, "Wamupe mupira wa kushona, si ampli." Halafu sauti ya kike, ya yule mama wa kwaya, sasa mzee naye: "Muite Papa Nguu, anajua ng'ombe yake!" Kanisa zima likaangua kicheko, vichwa vikageuka kumtafuta Fundi. Alikuwa benchi la mwisho, miguuni na soksi tu. Aliwaona watu wote wanamtazama wakicheka. Hakusikia wanacheka nini. Basi na yeye akacheka.

Nilikwenda mbele. Nililegeza selfu, nikaigeuza robo, nikaikaza kwa skurubu moja na waya. Nikawasha. Kimya. Walipiga makofi, na padri akanishika mkono mbele ya wote. Nilikuwa nimekingoja kitu hicho miaka kumi na mmoja, na nasema kweli: kilikuwa kitamu. Kilikuwa kitamu mpaka mwisho wa misa.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, anavaa viatu. Alinyanyua uso.

"Ilikuwa nalia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hata jana?"

Alifunga kamba ya kiatu cha kwanza, akashika cha pili. Sauti yake haikuwa na lawama. Alikuwa akieleza, kama mtu anayeeleza jinsi alivyopotea njia.

"Jana vidole iliniambia iko natikisika. Weye ukasema iko kimya. Nikajiambia: vidole ni ya muzee, sikio ni ya fundi. Nikaamini sikio."

Watoto walipita kati yetu wakikimbia. Alisubiri wapite, akasimama kwa kushika ukuta.

"Basi ilikuwa nini? Nionyeshe kosa, nisirudie."

Kila Jumamosi nawaambia watu wasionijua kitu hicho, bure, kwa chaki. Nilimtazama. Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya vernis kwenye shati lake, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa kunielekea.

"Sema kwa nguvu, mwana. Sisikii."

Nilikuwa bado sijasema kitu.